Baiskeli ya resi kwa njia za Tanga: feleji, alumini au kaboni?

Mpanda_Raskazone

Habari zenu wakuu. Natafuta baiskeli ya resi, ile ya usukani uliokunjwa chini, kwa ajili ya mazoezi. Nakaa Raskazone, upepo wa bahari unaingia mpaka ndani, na baiskeli italala barazani. Njia zangu ni Tanga–Muheza kila Jumamosi, Horohoro mara moja kwa mwezi (karibu kilomita 65 kwenda tu), na Desemba nataka kupanda Mombo–Lushoto. Nina urefu wa sentimita 172 na kilo 70. Nimetenga shilingi milioni 1.2, matengenezo yakiwemo.

Zipo tatu za mtumba, zote zinaingia kwenye bajeti:

A – Alumini, foku ya kaboni, saizi 56, gia 2x9 (sahani 2 mbele, 9 nyuma), breki za rimu, tairi za milimita 25.
B – Feleji ya zamani, muuzaji anasema ni kromoli (aina ya feleji imara). Saizi 53, gia 2x6, krenki ya meno 52 na 42. Rangi nzuri, ila bomba la siti halipandi wala halishuki.
C – Kaboni, saizi 54, gia 2x11, breki za rimu. Ina mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye bomba la chini, na ukikanyaga pedeli kwa nguvu inalia huku chini.

Nichukue ipi? Wengi wananiambia kaboni kwa sababu haishiki kutu.

Fundi_Ngamiani

Mkuu, anza na mwili wako ndipo uje kwenye fremu. Simama pekupeku, mgongo ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya miguu, kivute juu mpaka kibane kama unavyobanwa na siti. Pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Tuseme umepata 80. Zidisha kwa 0.883 upate urefu wa siti: 70.6, ukipima kutoka katikati ya ekseli ya kati (ile ya pedeli) hadi juu ya siti. Zidisha kwa 0.65 hadi 0.67 upate fremu: kama 52 hadi 53.6. A ya 56 itakufanya unyooshe mikono na kukalia pua ya siti, na ukifika Muheza shingo na vidole vitakuwa vimekufa ganzi. Kufupisha kishikio cha usukani hakutibu fremu kubwa. Achana nayo hata kama ni nzuri.

Sasa fremu yenyewe. Watu wanasema alumini ni ngumu na inaumiza, feleji ni laini. Si hivyo hasa. Ukichukua mabomba mawili ya unene uleule, la alumini lina theluthi ya uzito wa feleji na theluthi ya ukakamavu wake. Ndiyo maana watengenezaji hulipanua bomba la alumini, na bomba likishapanuka hukakamaa sana. Ule mtikisiko unaousikia kwenye matuta madogo ya lami unaweza kuupunguza kwa tairi kuliko kwa fremu. Kwa kilo zako, tairi ya 25 inataka karibu psi 90, ya 28 inatosheka na 70 mbele na 75–80 nyuma, ya 32 inashuka hadi 55–60. Kwa hiyo swali la maana kwa muuzaji ni hili: tairi nene kiasi gani inapita kwenye foku na kwenye breki? Breki nyingi fupi za rimu zinagota kwenye 25 au 28.

Tofauti ambayo hutaikwepa ni uchovu wa chuma. Feleji ikikunjwa-kunjwa chini ya kiwango fulani inaweza kuvumilia bila kikomo. Alumini haina kiwango hicho, kila mkunjo unahesabiwa, kwa hiyo ya mtumba ikague kwenye viungo: nyuma ya shingo ya fremu, chini ya ekseli ya kati, na pale bomba la siti linapobanwa. Futa kwa kitambaa kikavu kwanza. Ufa wa alumini huanza kama unywele mweusi kwenye rangi, na uchafu huusaidia kujificha.

Kwa B, nenda na sumaku, kalipa (kipimo cha kipenyo) na tochi ya simu. Sumaku ikishika, ni feleji, lakini haikuambii kama ni kromoli au ni chuma cha kawaida. Pima kipenyo cha nje cha bomba la fremu ambamo bomba la siti huingia, kisha soma namba iliyogongwa kwenye bomba la siti lenyewe. Kama nje ni 28.6 na siti ni 27.2, toa moja kwa nyingine ugawe kwa mbili: ukuta wa 0.7 mm. Hiyo ni fremu nzuri. Ukikuta siti ni 25.4, ukuta ni 1.6, hilo ni bomba zito la kawaida na stika isikudanganye. Halafu soma ubavuni mwa tairi, utuletee namba yenye mstari katikati, mfano 28-622 au 32-630.

Spoku_36

Naongezea kuhusu C, na hapa namtetea mwenye kaboni kidogo. Kaboni yenyewe kweli haishiki kutu. Kinacholiwa na chumvi ni alumini inayoigusa. Kaboni, alumini na maji ya chumvi zikikutana zinafanya kazi kama betri, na anayelika ni alumini. Utaona unga mweupe shingoni mwa bomba la siti, kwenye sikio la kubebea direla (kihamisha cheni), na rangi inavimba mithili ya lengelenge. Kwa pwani yetu hilo halihitaji mvua, hewa ya usiku inatosha. Dawa ni kuchomoa bomba la siti kila baada ya miezi miwili au mitatu, kufuta, na kupaka pesti ya kaboni (grisi ya kawaida hufanya kaboni iteleze, mtu anakaza kupita kiasi na kuipasua).

Mlio wa chini usiuhukumu haraka. Toa pedeli zote mbili, safisha uzi, paka grisi, rudisha. Ya kushoto ina uzi wa kinyume. Kaza bolti za meno ya mbele. Kisha panda ukiwa umesimama: mlio ukikoma, unatoka kwenye siti. Ukibaki, tazama ekseli ya kati. Kama vikombe vyake vimegongewa ndani ya fremu bila uzi, aina hiyo hulia kirahisi sana, hasa mchanga ukiingia, na kuibadilisha kunataka vifaa vya kukandamizia vyenye saizi yake. Kugonga kwa nyundo na kipande cha mbao ndiyo njia ya kuiua fremu.

Kwa ule mkwaruzo chukua sarafu ya 200. Gonga taratibu kila sentimita moja kuanzia mbali, ukielekea kwenye mkwaruzo na kuupita. Sehemu nzima hulia ti, ti, ti. Ukifika mahali inajibu du, kama unagonga mbao iliyooza, tabaka zimeachana ndani. Karibu na viungo sauti hubadilika pia kwa sababu ya unene, kwa hiyo linganisha na upande wa pili wa bomba. Na usinunue kaboni ya mtumba bila kuchomoa foku na kutazama shina lake pale linapobanwa na kishikio cha usukani. Alama ya kuminywa pale, hata ndogo, iache. Foku haitoi onyo la pili.

Kuhusu uzito: UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, hairuhusu baiskeli ya mashindano ya barabarani chini ya kilo 6.8, tangu mwaka 2000. Wewe na baiskeli ni kama kilo 80. Kilo moja ni sehemu moja ya 80. Kwenye mpando wa dakika 100 kwenda Lushoto, hiyo ni dakika moja na kitu. Usilipie dakika hiyo kwa foku yenye mashaka.

Mpanda_Raskazone

Ahsanteni sana. Nimepima: 80 kamili. C imetoa sauti ya du karibu na mkwaruzo, urefu wa kama sentimita 3, upande wa pili hakuna. Nimeiacha.

B: sumaku inashika, bomba nje 28.6, siti 27.2. Tairi imeandikwa 32-630. Nafasi ya gurudumu la nyuma ndani ya fremu ni 126 mm. Bomba la siti ni la alumini na limeganda kabisa. Muuzaji amepunguza bei sana kwa sababu hiyo. Je, inafaa?

Fundi_Ngamiani

Hiyo ndiyo yako, kwa sharti bomba litoke.

Namba 630 ni ile saizi ya zamani ya inchi 27. Usichanganye na 28 ya baiskeli za mizigo, ambayo ni 635, wala na 700C, ambayo ni 622. Tairi ya mmoja haikai kwa mwingine hata ukilazimisha kwa bisibisi. Kupata 630 nzuri ni shida, kwa hiyo hamia 622. Tofauti ya kipenyo ni 8 mm, yaani raba za breki zishuke 4 mm tu. Angalia mfereji wa breki: kama chini ya bolti ya raba bado kuna nafasi ya 4 mm au zaidi, breki hizohizo zinatosha. Na hapo unafaidi: gurudumu limepungua, fremu imebaki ileile, tairi ya 32 huwa inapata nafasi.

Magurudumu mengi ya 622 ya mtumba yana ekseli ya nyuma ya 130. Fremu yako ni 126. Feleji inaweza kupanuliwa 2 mm kila upande, ila alumini na kaboni usithubutu. Baada ya kupanua, hakikisha haijapinda: funga uzi kwenye mdomo wa nyuma wa kushoto (pale ekseli ya gurudumu inapokaa), uzungushe mbele ya shingo ya fremu, urudi nao mdomo wa kulia, ukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la fremu linalopokea siti, pande zote mbili. Zikipishana zaidi ya 1 mm, upande mmoja umevutwa kuliko mwingine. Omba spoku za stenlesi na nati zake za shaba. Nati za alumini kwa Raskazone zitaganda na kukatika ukijaribu kunyoosha rimu.

Kuhusu bomba lililoganda: usipashe moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya feleji, kwa hiyo ukipasha unakaza. Legeza bolti na uitoe kabisa, toa ekseli ya kati, geuza fremu miguu juu, mimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia chini ili yafike ndani. Acha usiku kucha, rudia siku tatu. Kisha bana kichwa cha bomba kwenye jiliwa, shika fremu kwa mikono miwili, izungushe fremu na si bomba. Mara ya kwanza hutoa mlio mkali kama mlango mkavu, na hiyo ni dalili njema. Nenda rudi kidogo kidogo huku unavuta.

Ikigoma, kata bomba ubakize sentimita 3 juu ya fremu, ingiza msumeno wa chuma kwa ndani, chora mfereji wima mpaka karibu uguse feleji, kisha kunja kingo kuelekea katikati. Ni kazi ya saa mbili na mikono itauma, lakini fremu hubaki salama. Usikubali mtu akuwekee welda ya umeme mahali popote kwenye fremu hii. Ukuta wa 0.7 hutoboka mara moja. Kama kuna kiungo cha kurekebisha, tafuta anayechomelea kwa gesi na shaba.

Unapotoa ekseli ya kati: kikombe cha upande wa cheni kwa kawaida kina uzi wa kinyume ikiwa upana wa nyumba yake ni 68 mm. Kinafunguka kwa kuzungusha kama unavyokaza. Ukikuta 70 mm ni aina ya Italia, vyote viwili hufunguka kawaida.

Bondei_Gia

Msisahau gia. Meno 42 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 3.15. Ukizungusha mara 60 kwa dakika lazima uwe kwenye kilomita 11.3 kwa saa. Mombo–Lushoto ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda, na kona zake kali zitakushusha chini ya hapo, uishie kusukuma kwa magoti. Ukiweka krenki ya 50 na 34 ukabakiza 28 nyuma, unashuka hadi kilomita 9.2 kwa mizunguko ileile. Kwa 34 mbele na 32 nyuma ni 8, lakini hapo direla ya zamani yenye mkono mfupi haifiki, itabidi ununue ya mkono mrefu. Ukiwa unabadilisha ekseli ya kati, nunua yenye urefu unaotakiwa na krenki mpya. Ikiwa fupi mno, meno yanakwaruza fremu.

Cheni ipime kwa rula: kutoka pini hadi pini, viungo 12 kamili ni 304.8 mm. Ikifika 306.4 badilisha. Ikifika 308 meno ya nyuma nayo yameshaliwa, na cheni mpya itaruka juu yake.

Mpanda_Raskazone

Bomba limetoka siku ya nne, bila msumeno! Nilipoigeuza fremu na kuigonga zimedondoka punje za kahawia kama majani ya chai, kijiko kimoja hivi. Ndio mwisho wake?

Fundi_Ngamiani

Kijiko kimoja si mwisho. Mulika tochi ndani: kama unaona ukuta wenye vipele vya kutu ila hakuna tundu la mwanga, na ukibonyeza kwa kidole gumba kwa nje haiingii, fremu ni nzima. Pitisha brashi ya chupa, kung'uta, acha ikauke juani siku nzima. Nunua mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, yale ya maseremala, nusu kikombe yanatosha. Mimina kwenye bomba la fremu linalopokea siti, bomba la chini na mabomba ya nyuma, zungusha fremu pande zote, kisha isimamishe ili ya ziada yachuruzike. Yanataka siku kadhaa kukauka na kuwa ngozi. Chini ya ekseli ya kati kama kuna kitundu kidogo, kiache wazi, kimewekwa ili maji yatoke. Kama hakipo, toboa cha 4 mm. Rudisha bomba la siti likiwa na grisi tele, na uwe unalitoa kila robo mwaka.

Vitambaa ulivyofutia hayo mafuta usivirundike kwenye kona ya baraza. Linsidi ikikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa huweza kuwaka lenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.