Ukuta unatoka jasho: unyevu na kuvu ndani ya nyumba msimu wa baridi

Hamjambo nyote. Swali la msimu: maji yakitiririka kwenye vioo vya dirisha kila alfajiri, na weusi ukianza kuota kwenye kona nyuma ya kabati, mtu aanzie wapi? Afute kwa klorini, apake rangi upya, au anunue mashine ya kufyonza unyevu?

* * *

Re: Ukuta unatoka jasho

Dada, shikamoo kama umenizidi. Usianze na rangi. Kupaka rangi juu ya kuvu hai ni kuitandikia shuka. Baridi haijaisha inachungulia tena. Anza na kipimo. Kile kifaa kidogo cha kuonyesha joto na asilimia ya unyevu hakina gharama ya kuumiza, ila usikiamini hivi hivi. Chukua kizibo cha chupa, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isielee. Weka kizibo na kifaa pamoja kwenye mfuko usiopitisha hewa, ufunge, uache usiku kucha pasipobadilika joto. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 70, basi kila siku ongeza 5 kichwani.

Halafu usikiweke juu ya redieta (kile kipasha joto cha ukutani) wala dirishani. Kiweke kwenye rafu katikati ya chumba, na kingine, ukiwa nacho, nyuma ya hilo kabati. Tofauti kati ya hivyo viwili itakufundisha mengi. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa matone ikigusa kitu cha nyuzi 12, na kioo cha tabaka moja hufika hapo upesi. Kuvu yenyewe haisubiri matone. Unyevu ukifika asilimia 80 pale kwenye uso wa ukuta, na ukadumu siku kadhaa, inatosha. Kwa hewa hiyo hiyo, ukuta wa nyuzi 15 tayari uko hatarini, ingawa ukiupapasa ni mkavu.

Ndiyo maana weusi unakaa nyuma ya kabati: joto la chumba halifiki pale. Livute kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye ukuta wa nje, na kama lina ubao wa chini uliofika sakafuni, toa nafasi ya hewa kuingia kwa chini pia. Ikiwezekana lihamie ukuta wa ndani kabisa.

* * *

Re: Re: Ukuta unatoka jasho

Naongezea hapo. Wengi wetu tukiona baridi tunafunga madirisha yote, au tunaacha moja wazi kidogo mchana kutwa. Yote mawili ni hasara. Dirisha la nusu wazi linapoza ukuta unaolizunguka, na ukuta uliopoa ndio kuvu inautaka. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, wazi kabisa, dakika 5 hadi 10, kisha ufunge. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, na kila baada ya kuoga au kupika. Hewa inabadilika yote, kuta hazipati muda wa kupoa.

Mtu atauliza: nje kuna ukungu na manyunyu, si ninaingiza maji? Hapana. Hewa ya nyuzi 0 ikijaa kabisa haibebi hata gramu 5 za maji kwa mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 20 hubeba takriban 17. Ukiiingiza ile ya nje na kuipasha moto, inakuwa na kiu, inafyonza. Angalia kipimo chako baada ya dakika 20, utaona kimeshuka.

Na usizime redieta ya chumba cha kulala kabisa ili kubana matumizi, huku mlango ukiwa wazi. Hewa yenye mvuke kutoka jikoni itakwenda huko huko kwenye ubaridi kutua. Ama ukipashe moto kidogo, ama ufunge mlango.

Feni ya bafuni ijaribu kwa karatasi ya chooni: ishike kwenye matundu, uachilie. Isiponata, feni inazunguka bure, mara nyingi kwa vumbi. Na hakikisha kuna mwanya chini ya mlango wa bafu. Pasipo hewa ya kuingia, hakuna itakayotoka.

* * *

Re: Nguo je?

Mmelizunguka jambo kubwa kuliko yote. Mzigo mmoja wa nguo uliotoka mashineni unaweza kubeba lita 2 za maji, na zote zinaingia kwenye hewa ya nyumba. Kamua kwa mizunguko 1200 au 1400 kwa dakika, rudia mara ya pili kwa taulo na jinzi. Kisha chagua chumba kimoja, kidogo, ufunge mlango, uweke mashine ya kufyonza unyevu humo. Kuzianika juu ya redieta kunazuia joto kutoka na kunasukuma mvuke nyumba nzima.

Kuhusu mashine: ile ya kompresa, inayopoza hewa ili maji yadondoke, hupungua nguvu chumba kikiwa chini ya nyuzi 15. Kwa chumba kisichopashwa moto tafuta ile inayotumia madini ya kunyonya maji. Inakula umeme zaidi, lakini inafanya kazi na kutoa joto kidogo. Na ile "lita 10 kwa siku" kwenye boksi hupimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo sebule yako haitaiona msimu huu.

* * *

Re: Klorini

Kaka na dada, klorini inafaa kwenye vigae na kioo. Kwenye plasta inaondoa rangi nyeusi, mizizi inabaki. Tumia dawa ya kuulia kuvu iliyoandikwa kuwa ni ya kuta, iache muda ulioandikwa, futa kwa kitambaa kinyevu cha kutupa. Usisugue pakiwa pakavu, chembe zitaruka. Glavu, barakoa, dirisha wazi. Na klorini isikutane na siki wala dawa yenye amonia, hewa yake inachoma mapafu.

Kabla ya kubishana na mwenye nyumba, jua maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha foili ya jikoni ukutani, ufunge pande zote kwa gundi ya utepe, uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni hewa yenu. Yakiwa nyuma yake, ukuta wenyewe una maji: bomba, mfereji wa paa, au unyevu unaopanda kutoka chini. Hapo kufungua madirisha hakutasaidia. Piga picha zenye tarehe, pamoja na usomaji wa kipimo, umwandikie.