Wenye kumbi za sanaa Dar, mnatuitia nini kama hamtaki tutazame?

Wakuu, hili nimekaa nalo tangu Jumamosi, leo limenifika kooni. Mods, msiuhamishie uzi huu kule kwenye vichekesho.

Nina mjomba wangu, fundi bodi, yuko gereji zaidi ya miaka thelathini. Kunyoosha, puti, msasa, kupuliza rangi. Nikasikia kuna maonyesho ya sanaa ya kisasa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini (jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua), na kazi mojawapo ni milango ya daladala iliyotolewa kwenye skrepa ikatundikwa ukutani. Nikasema huyu mzee lazima aione. Kiingilio elfu kumi kila kichwa, nikalipa mimi.

Tumeingia, mzee kasimama mbele ya mlango wa kwanza, kimya. Mimi naona bati lenye kutu na mstari wa bluu uliokatika. Yeye akainama, akaukodolea kwa ubavu, vile mafundi wanavyotafuta bonde kwenye bodi. Akaanza taratibu: "Huu uligongwa, wakaunyoosha harakaharaka, ona puti imepasuka. Ukagongwa tena palepale. Na aliyepaka hii bluu hakusubiri ya chini ikauke." Kisha akanionyesha sehemu chini ya dirisha ambapo rangi imelika mpaka bati linang'aa, duara kama kiganja. "Hapa ndipo konda alikuwa anapiga akitaka dereva asimame." Akanyamaza kidogo. "Alama hii nimeifuta kwenye magari mangapi, na sijawahi kuiona."

Jamani! Miaka yote hiyo ilikuwa kwake uchafu wa kupiga msasa. Mtu kaja, kauondolea mlango kazi ya kuwa mlango, kautundika usawa wa macho, basi, mzee kaona mkono wa mtu.

Ndipo akatokea kijana mwenye kitambulisho shingoni. "Mzee, usisogee sana. Maelezo yako pale." Maelezo yenyewe Kiingereza kitupu, herufi kama za karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Mjomba akaniomba nimsomee. Nikahangaika kutafsiri, ikatoka kitu kama "majadiliano baina ya kumbukumbu na nafasi ya mjini". Mzee akauliza, "Sasa mlango uko wapi hapo?" Nikakosa jibu. Hatujakaa sawa, kijana karudi: tupishe, kuna wageni wanataka kupiga picha. Wageni wakaupa mlango mgongo, simu juu, tabasamu, hao wakaondoka. Hata dakika mbili hazikufika.

Kwa hiyo anayekipa kitu mgongo ndiye mgeni, anayekitazama ndiye kero? Na ukumbi mzima hauna hata benchi. Mzee wa miaka sitini na kitu ataangalia milango tisa akiwa wima? Naambiwa kuna viti kule kwenye kahawa. Kahawa yenyewe bei sisemi.

Najua mtakuja wale wa "hiyo si sanaa, ni skrepa". Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia siling bodi na rangi za baiskeli. Nani alikuwa anamwona chui ndani ya kopo la rangi ya baiskeli? Leo mnawabebea wageni wenu hizo picha kama zawadi. Mimi mwenyewe, tangu nione kazi za El Anatsui wa Ghana, anayeunga vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinaning'inia kama kitambaa kikubwa, sipiti nje ya grosari bila kutazama chini. Na kule New York, ukuta wa mbele wa jumba la makumbusho la Metropolitan una vidaka vinne, yaani nafasi za kuwekea sanamu, vilivyokaa vitupu tangu 1902. Watu wakapita chini yake zaidi ya karne wanaona ukuta tu. Mwaka 2019 Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, akaketisha humo wanawake wanne wa shaba, ndipo ule utupu wa zamani nao ukaonekana.

Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji kijana wa kusukuma watu.

Jana mjomba kanipigia. Imeletwa Hiace gereji, mlango wa pembeni una alama ileile, mwenye gari anataka bodi irudi kama mpya. Akaniambia amewaita mafundi wenzake waje kuiangalia kabla hajaipiga msasa, na sasa wanne wanataka kwenda kuona ile milango. Kule siwapeleki tena. Anayejua ukumbi Dar wenye benchi na maelezo ya Kiswahili, ambao hawafukuzi watu, autaje hapa. Wa matusi pitieni nyuzi nyingine.