Naombeni ushauri: naenda Málaga peke yangu wikiendi ijayo

Pangani_Yetu
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni dada wa miaka 36, natunza wazee kwenye makao yao huku Leeds, Uingereza. Ijumaa ijayo nakwenda Málaga, Hispania, siku tatu, peke yangu. Tangu nizaliwe sijasafiri bila shughuli, yaani bila msiba, harusi wala kazi. Naombeni mnijuze: mwanamke peke yake kule kuna usalama? Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini napanda nini? Begi la mgongoni litatosha? Tangu Jumapili usingizi sipati, anayejua anijibu tafadhali.

Mzee wa Raskazone
Binti yangu, Málaga nimefika mwaka 1994, enzi za ubaharia. Meli ilikaa siku mbili. Wale watu wanajua samaki. Wanachukua mtumbwi mkuukuu, wanaujaza mchanga, kuni zinawaka humo humo. Sardini watano au sita wametungwa kwenye ujiti mmoja kama mshikaki, ujiti umechomekwa mchangani ukiinamia moto. Kiungo chake chumvi tu. Wanauita espeto. Nilikula nimesimama, mafuta yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikamkumbuka marehemu mama. Nenda upande wa Pedregalejo. Ila Machi bado si msimu wao, sardini hunona kiangazi.

Nesi wa Bradford
Usalama upo, chunga tu mkoba wako kwenye msongamano. Uwanjani panda treni ya C1, dakika kama 12 unashuka Centro-Alameda, katikati ya mji. Usikose Alcazaba, ngome ya Waislamu ya karne ya 11, ina bustani na mifereji ya maji, na chini yake kuna ukumbi wa michezo wa Warumi. Vaa viatu vya kupandia mlima. Visa ya Schengen, ile ya kuingia Hispania na nchi wenzake za Ulaya, ulipata baada ya siku ngapi? Mimi ilinitesa.

Pangani_Yetu
Asanteni sana, Mungu awabariki. Na maji ya bahari mwezi huu yana joto? Nimezaliwa Pangani, miaka mitatu sijaingiza mguu baharini.

Kijana wa Kisauni
Dadangu, Machi maji ya huko ni kama digrii 15. Huku Mombasa hiyo ni soda ya kwenye friji! Ukitaka kuogelea ngoja Agosti.

Mama Wawili
Mimi nauliza, peke yako kwa nini? Mume anajua? Hela ya tiketi na hoteli ungeituma nyumbani ingepiga bati nyumba nzima. Wifi yangu alikwenda Uturuki eti kupumzika, akarudi na mazulia manne na deni ambalo kaka yangu analilipa hadi leo. Wanawake tujitafakari.

Pangani_Yetu
Mama Wawili, mume sina, na nyumbani natuma kila tarehe 28. Sijasema naenda kuogelea. Nataka nikae mchangani nisikilize maji bila mtu kuniita.

Nesi wa Bradford
Dada, nimeuliza visa, hujajibu.

Pangani_Yetu
Sawa. Visa ya Schengen sina. Lakini nina visa ya kazi ya Uingereza, halali, bado ina mwaka mzima. Mwenzangu wa zamu alikwenda Hispania mwaka jana na hakuombwa visa. Tiketi nimeshakata, hairudishiwi hela, chumba nacho nimelipia. Nikifika nitawaeleza kwa adabu, barua ya kazini ninayo.

Nesi wa Bradford
Hutafika huko kwa kueleza. Utazuiwa hapo hapo Leeds kwenye dawati la ndege, maana shirika likibeba mtu asiye na visa linapigwa faini. Uingereza haijawahi kuwa ndani ya Schengen, hata kabla haijajitoa Umoja wa Ulaya. Huyo mwenzako ana pasipoti ya nchi gani? Pasi ya Tanzania inahitaji visa. Ni euro 90, unaomba kupitia kituo cha Manchester, wana siku 15 za kuamua, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Ijumaa ijayo sahau.

Mtoto wa Gerezani
Wakuu, hii chai. Mtu kapimwa kifua kikuu, kafanya mtihani wa Kiingereza, kapita mchujo wote wa visa ya Uingereza, leo hajui kwamba Hispania ina visa yake? Mimi nadhani mleta uzi na Nesi ni mtu mmoja.

Kijana wa Kisauni
Hapo umenena. Hata mimi nilianza kushuku.

Mzee wa Raskazone
Tusimhukumu mtoto wa watu. Binti, ukivuka kivuko pale Pangani unashukia wapi?

Pangani_Yetu
Bweni, baba. Shangazi yangu anauza maandazi pale pale wanaposhukia watu, tangu daraja halijaanza kujengwa. Na wewe uliyesema chai: karatasi zangu zote za kuja huku alizishika wakala. Mimi nilifanya vipimo na mtihani, mengine nilitia sahihi pale aliponionyesha kidole. Nilimlipa hela ya shamba la baba. Ndiyo maana sijui. Niliona aibu kuuliza.

Mtoto wa Gerezani
Dada, nisamehe. Nimekukosea.

Mama Wawili
Shamba zima? Pole mwanangu. Mimi sikujua.

Nesi wa Bradford
Pole sana. Ukishindwa kungoja, Scarborough ni saa moja na kidogo kwa treni kutoka Leeds, haihitaji visa.

Pangani_Yetu
Scarborough nilikwenda. Nilikaa dakika ishirini na koti na kofia, nikarudi stesheni. Leo nimepiga simu, kubadilisha tarehe ya tiketi wanataka paundi 45. Chumba ndiyo kimekwenda. Fomu ya Manchester nimeifungua, nimejaza mpaka jina la baba, kwa mkono wangu mwenyewe. Nesi, picha ziwe za ukubwa gani?

Nesi wa Bradford
Milimita 35 kwa 45. Usivae kitu cheupe, ukuta wa nyuma ni mweupe.

Mzee wa Raskazone
Weka tarehe ya Juni, binti. Sardini watakuwa wamenona.