Tumekuwaje maskwota kwetu wenyewe hapa Malindi?

Jamani babu kazikwa hapa hapa, minazi kapanda yeye, leo twaambiwa hatuna hati. Ilianzia wapi hii?

MtuWaSabaki: Sheria ya ardhi ya 1908 ndugu. Mwingereza alitaka kila mtu alete dai lake, wenye mashamba mjini wakapata hati, sisi wa kaya (vijiji vyetu vya jadi vya msituni) karatasi tungetoa wapi? Isodaiwa ikawa ya serikali. Basi.

BintiKaya: Na kodi je! Waingereza walitaka vijana wakafanye kazi kwa mashamba ya wazungu, Mekatilili, yule mama wa Kigiriama, akaongoza watu kukataa 1913, wakampeleka Kisii akarudi kwa miguu (hebu ona hiyo safari), 1914 wakalipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, na kuwafukuza kutoka kaskazini ya mto Sabaki.

Muulizaji: Kumbe. Shuleni tulipitishwa haraka haraka tu.