Nawezaje kupunguza mwangwi wa chumba ninaporekodi sauti ya kuimba nyumbani?

Mpangaji wa Kihonda

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninarekodi sauti za kuimba katika chumba nilichopanga hapa Morogoro, chenye urefu wa mita 3.2 na upana wa mita 3. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ina vigae, dari ni la jipsamu, na dirisha la vioo linatazama barabara. Ala ninazitengeneza kwenye kompyuta na zinatoka safi, lakini kila ninapoweka sauti yangu juu yake inasikika kama ya mtu anayeimba bafuni, na nikiitia kompresa (inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) ndipo mwangwi unapozidi kujitokeza.

Nimebandika trei 40 za mayai kwenye ukuta ulio nyuma ya maiki bila kuona tofauti yoyote. Maiki yangu ni ya kondensa, nayo nimeisimamisha katikati ya chumba, nami huimba nikiwa kiasi cha nusu mita kutoka kwayo. Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Je, ninunue sponji za studio, au nibadilishe maiki?

Fundi Mitambo

Ndugu Mpangaji, usinunue kitu bado. Kosa kubwa ni hiyo nusu mita. Sauti inayotoka kinywani moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, ilhali ile iliyogonga kuta na kurudi imekwisha kuenea chumbani, na kiwango chake hakibadiliki sana popote utakapoiweka maiki. Ukisogea kutoka sentimita 50 hadi 15, sauti yako halisi inapanda kwa desibeli 10 hivi. Ukipunguza kiingizo kwenye kadi ya sauti kwa kiasi hicho hicho, chumba nacho kinashuka, na hujatoa hata shilingi. Kuna gharama yake: maiki inayosikia upande mmoja huvimbisha besi ukiikaribia, kwa hiyo kata kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, kisha weka kichujio cha pumzi ili P na B zisipasuke. Soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya duara la waya inatosha.

Jambo la pili ni mahali ulipoweka kinga. Kama maiki yako ni ya kusikia upande mmoja, kama zilivyo nyingi za kondensa za bei nafuu, basi imeupa mgongo ukuta uliobandika trei na inautazama ule ulio nyuma yako, ambao uko mtupu. Kinga iende nyuma ya mwimbaji kwanza, kisha ubavuni.

Hata ungezihamisha trei hizo, ni karatasi nyembamba. Haziwezi kumeza sauti ya mtu. Kitu laini humeza vizuri unene wake unapokaribia robo ya urefu wa wimbi. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, kwa hiyo robo yake haifiki 9; la hezi 100 lina mita 3.4, na robo yake ni sentimita 85, unene ambao sijui mpangaji gani ataulaza wapi. Ndiyo maana sponji za sentimita mbili au tatu hula sauti za juu peke yake na kuacha uvumi ule ule, safari hii ukiwa butu. Godoro lako la inchi 8, likisimamishwa wima nyuma yako na kuachiwa nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, litazishinda. Tafadhali livue nailoni ya dukani kama bado umeiacha, kwa sababu nailoni nayo huakisi sauti za juu.

Mama wa Alto

Naunga mkono hoja ya godoro. Waimbaji wa kwaya yetu tunawarekodi mmoja mmoja katika ofisi ndogo ya parokia, na hapo mwanzo tulishauriwa kumwingiza mwimbaji ndani ya kabati la nguo. Matokeo yalikuwa sauti ya mtu aliyefungiwa kwenye sanduku, kwa kuwa nguo zilimeza sauti za juu huku mbao za kabati zikivuma. Siku hizi tunafungua milango, mwimbaji anazipa nguo mgongo na kuimba akitazama nje. Vigaeni tunatandika blanketi lililokunjwa mara nne, kwani mkeka peke yake ni mwembamba mno.

Mwanangu, usitegemee godoro likuzuilie bodaboda. Kupunguza mwangwi wa ndani na kuzuia kelele za nje ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili inahitaji kuta nzito na milango isiyopitisha hewa. Sisi tunarekodi usiku, feni ikiwa imezimwa, na mvua ikianza kupiga mabati tunakunja vifaa tukalale.

Sikio Moja

Kwa nini msitumie tu programu za kuondoa mwangwi? Mimi natumia na zinasaidia.

Fundi Mitambo

Zinasaidia kwa mazungumzo. Katika kuimba, mkia wa noti iliyovutwa na mwangwi wa chumba hufanana mno, kwa hiyo programu ikikazwa hula vyote viwili, na sauti inatoka kama ya mtu aliye chini ya maji.

Mpangaji wa Kihonda

Mama, shikamoo, na ninakushukuru. Fundi, nimefanya yote: godoro bila nailoni, sentimita 15, soksi ya mke wangu ambaye bado hajajua. Ule ubafu umeondoka kwa sehemu kubwa. Kimebaki kitu kimoja: nikishuka kwenye noti za chini, hasa A, noti moja inavimba kuliko jirani zake, na nikiipunguza kwa ikwaliza (ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu) wimbo mzima unakonda.

Fundi Mitambo

Hilo ni la vipimo vya chumba chako. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde katika joto letu. Tafuta mawimbi yenye urefu sawa na urefu na upana wa chumba: gawanya kwa 3.2 upate hezi 108, gawanya kwa 3 upate 115. A yako ya chini ina hezi 110, iko katikati yao. Mawimbi hayo mawili yana kilele katikati ya chumba, na umeniambia maiki ilisimama hapo hapo. Mawimbi hayo hudhoofika kwenye robo ya urefu na robo ya upana, yaani sentimita 80 kutoka ukuta mmoja na 75 kutoka ule wa pili. Hamishia godoro kwenye kona, lipe mgongo, uimbe ukitazama ndani ya chumba, na maiki iwe kwenye robo hizo. Kisha imba A ukiisogeza sentimita tano tano, kwani kabati na kitanda hubadilisha hesabu kidogo.

Mpangaji wa Kihonda

Nimeipata kwenye sentimita 85 na 75. A imetulia bila ikwaliza. Trei nimezirudisha kwa muuza chipsi.