Kulea peke yangu hapa Lamu: gharama za ghafla mnazikabili vipi?

Mama wa Langoni

Assalamu alaykum, ndugu zangu.

Ninalea watoto wawili peke yangu hapa Lamu, binti wa miaka kumi na mmoja na mvulana wa miaka sita, tangu nilipoachika yapata miaka mitatu sasa. Riziki yetu ni mahamri na mbaazi ninazouza mlangoni asubuhi, na viazi vya karai jioni. Siku za kawaida twaishi, alhamdulillahi. Kodi hupatikana, chakula hakikosekani, na mara mojamoja hubaki cha kutia kwenye kibubu. Linalonishinda ni yale yanayozuka bila hodi.

Mwezi uliopita, usiku wa manane, mdogo alishikwa na pumu. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye matibabu, wakamhudumia vizuri, lakini dawa ya kuvuta ya kwenda nayo nyumbani haikuwapo, nikaandikiwa karatasi nikainunue dukani. Zilinitoka shilingi 1,350, ambazo ndizo zilizokuwa za unga na mafuta ya siku zilizofuata. Nikachukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ili biashara isisimame. Tangu hapo, kila mteja anaponilipa kwa simu, pesa huingia na kumezwa papo hapo. Juzi mtu alinitumia shilingi 200 za mahamri tukiwa tumesimama pamoja, ujumbe ukaja, nami nilipotazama salio nikakuta sifuri. Wiki hiyohiyo mtungi wa gesi ukaisha, na viatu vya shule vya binti vikafumuka nyayo.

Kuna jambo ninaloona haya kulisema. Jioni moja katika siku hizo binti alimwaga kikombe cha chai, nami nikamfokea kana kwamba yeye ndiye anayenidai. Alichukua kitambaa akapangusa sakafu polepole, bila kulia wala kuniangalia, na ukimya ule ndio unaoninyima usingizi kuliko deni lenyewe. Nawauliza wenye uzoefu: mtu wa kipato cha kutwa hujiwekea vipi akiba ya dharura, na mnafanyaje ili dhiki ya pesa isiwaangukie watoto?

Bibi wa Mkomani

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mimi nilifiwa na mume nikiwa na wanne, na mkubwa wao alikuwa hajatimiza umri wa huyo binti yako, kwa hiyo hilo la kikombe cha chai nalijua.

Nataka kwanza tutenganishe mambo, kwa maana umeyatia yote katika kapu moja. Pumu ya usiku ule ilikuwa ya ghafla. Mtungi wa gesi haukuwa wa ghafla, wala viatu, kwani vyote viwili vilikuwa vikiisha mbele ya macho yako. Siku ukiwasha mtungi mpya, andika tarehe kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Baada ya mitungi mitatu utajua wako hudumu siku ngapi, nawe utaanza kuutengea senti kabla haujaanza kutoa mwali wa manjano.

Hapa kwetu mwaka una mwendo wake, na anayelea peke yake hana budi kuufuata. Kusi ikivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki, samaki hupanda bei na hata wateja wako wa mahamri, ambao wengi ni watu wa baharini, hupungukiwa. Januari ni shule. Kisha kuna Ramadhani, ambayo kwa kalenda ya Kizungu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: mwaka 2026 imeangukia Februari, na mwaka 2030 zitakuwa Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, Januari na tena Disemba. Maana yake kwako ni kwamba nguo za Idd na gharama za shule zinazidi kusogeleana. Lakini Ramadhani hiyohiyo ndiyo inayomtajirisha mpika viazi. Mahamri ya asubuhi yatalala, ila jioni hutashika karai moja, utashika mawili, na sambusa na katlesi juu yake. Mimi pesa za Ramadhani sikuzila. Nilizifunga kwenye leso zikangoja kusi.

Jingine, je, gesi ikiisha huwa unakaangia makaa ndani? Moshi wa makaa na wa mafuta yanayoungua huweza kuamsha pumu. Ikiwa ndivyo, jiko lipelekwe uani, mbali na pale anapolala mtoto.

Na uingie katika chama cha wanawake wa mtaa wako, cha kuchangishana na kupokea kwa zamu, hata cha shilingi 50 kwa siku.

Dada wa Malindi

Nimeisoma barua yako mara mbili, dada yangu, nikimtafuta baba wa watoto hawa, na sikumwona. Uliachika wewe, watoto hawakuachika.

Mimi hufanya kazi ya kuwasaidia wanawake kuandika maombi yao ya mahakamani, na mara nyingi nasikia mama akisema kwamba hataki kumwomba yule mwanamume kitu. Neno lenyewe si kuomba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imeweka wajibu sawa kwa mama na baba wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelifafanua jambo hilo kwa urefu. Kwa upande wa dini, Sura ya Talaka, aya ya 7, imemtaka mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa atoe katika kile alichojaaliwa; haikumruhusu yeyote kati yao kutotoa kabisa.

Anza kwa ofisa wa watoto wa serikali. Humwita baba, mkakaa mkazungumza, na mkiafikiana makubaliano huandikwa na kutiwa saini. Ushauri wangu ni kwamba msiandike kiasi cha kila mwezi peke yake, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Mwandike na matibabu: nani atalipa dawa ya pumu, na kwa muda gani baada ya kuonyeshwa risiti. Kwa hiyo tangu leo weka kila risiti, hata ile ya 1,350 kama bado unayo, na akikutumia chochote kwa simu usiufute ujumbe. Akikataa kuitikia wito au akivunja makubaliano, shauri la matunzo ya watoto hupelekwa Mahakama ya Watoto. Kwa Kadhi utakwenda kwa yale ya talaka yenyewe, kama kuna haki yako ya eda ambayo hukupewa.

Akiwa ni mvuvi au mtu wa kazi za hoteli, atasema hana kitu katika miezi ya Aprili hadi Juni, na huenda akawa mkweli, kwani hata huku Malindi hoteli nyingi hufunga milango wakati huo. Kubalianeni atoe zaidi katika miezi ya wageni.

Dereva wa Maweni

Salaam kwenu nyote. Mimi ni baba, mama watoto alitangulia mbele ya haki, na ninaendesha tuktuk ya mtu hapa Malindi, kwa hiyo kila jioni kabla sijahesabu cha nyumbani lazima nipeleke hesabu ya mwenyewe.

Bibi wa Mkomani namheshimu, ila katika la chama natofautiana naye kidogo. Chama ni kizuri kwa friji au kwa karo, kwa sababu unajua zamu yako ni lini. Pumu haijui zamu. Kwa hiyo mimi nilimpa mwenye duka la dawa la mtaani amana ya shilingi 500, akaiandika katika daftari lake, nami huijazia kila inapopungua. Usiku wa shida nagonga dirisha lake bila kutafuta pesa. Pia niliwaandikisha wanangu pamoja nami katika SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Kwa sisi tusio na mshahara mchango hupimwa kulingana na kipato, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Ukiigawa hiyo kwa siku ni kama shilingi kumi, bei ya andazi. Dawa kukosekana hutokea hata hivyo, ndiyo maana ile amana bado ipo.

Fuliza ilipe yote kwa mkupuo mmoja hata kama itakubidi kuazima kwa ndugu, kwa kuwa deni likilala hutozwa kila siku. Kisha fungua Pochi la Biashara, yaani akaunti ya M-Pesa ya biashara ndogo, wateja walipie huko, pesa ya unga isikae pamoja na pesa ya nyumbani.

Ama kuhusu hasira, sina dawa ila nina desturi. Nikifika nyumbani huzima injini na kubaki ndani ya tuktuk kwa dakika kumi, nafuta kioo ambacho mara nyingi hakina vumbi. Nilianza siku mwanangu aliponiuliza mlangoni, kwa adabu kabisa, “Baba, leo umeudhiwa na abiria gani?”

Mama wa Langoni

Mola awalipe kheri. Bibi, ulibashiri sawa: usiku ule wa pumu nilikuwa nimekaangia makaa ukumbini, ili gesi isiishe haraka. Jiko nimelipeleka uani tangu jana, ingawa jirani amekwisha kununa.

Dada wa Malindi, risiti nimeipata ndani ya mkoba, imefifia lakini yasomeka, na Jumatatu nikimaliza mahamri nitakwenda kwa ofisa wa watoto. Chama nitakingoja mpaka deni la simu liishe.

Binti nilimwomba radhi. Alisema amekwisha sahau, jambo ambalo sikuliamini, kisha akaomba yeye ndiye aandike tarehe ya mtungi mpya. Iko nyuma ya mlango kwa hati kubwa, na mwezi ameukosea.