Forester XT ya CVT: ni wakati gani niitumie M badala ya D kwenye vilima vya Pemba?

Mwana wa Wete ameandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimenunua Subaru Forester XT ya mwaka 2014 iliyoletwa kutoka Japani, yenye injini ya tabo ya lita 2 na giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyokuwa na gia za kawaida. Gari zote nilizowahi kuendesha kabla ya hii zilikuwa otomatiki za kawaida, ambazo mtu huweka D akaendelea na safari yake. Hii ina njia ya pembeni iliyoandikwa M, na nyuma ya usukani kuna vijiti viwili: cha kulia kina alama ya kujumlisha na cha kushoto kina alama ya kutoa. Kitabu chake kimeandikwa Kijapani kitupu, kwa hiyo hakinifai kitu.

Safari zangu nyingi ni baina ya Wete na Mkoani, na msimu wa karafuu hubeba magunia pamoja na watu. Anayeijua Pemba anajua kwamba barabara zetu hazinyooki: unapanda, unakata kona, unashuka bondeni penye mpunga, kisha unapanda tena. Gari ikiwa imejaa nami nikiwa kwenye D, mteremkoni hujiachia, nami hulazimika kukanyaga breki kuanzia juu hadi chini, na mara nyengine nikifika bondeni nasikia harufu ya pedi.

Jamaa mmoja amenishauri nitumie M. Mkwe wangu, aliyeendesha magari tangu ujana wake, ameniambia nisiiguse kabisa, kwani CVT ikifa hakuna matengenezo isipokuwa kununua nyengine. Wote wawili nawaheshimu, na ndiyo maana nakuja kwenu. M imewekwa kwa kazi gani khasa, inaidhuru giaboksi au haiidhuru, na je, nikishikilia gia ndogo sitamaliza mafuta?

Dereva wa Mtambile amejibu:

Wa alaykumu salaam. Itumie bila ya wasiwasi katika miteremko, na ukifika tambarare rudi kwenye D. Mimi nina gari ya aina hiyo hiyo, na tangu nilipoanza kushuka na M pedi zangu zinadumu zaidi kuliko zamani. Kuhusu ndani ya giaboksi nawaachia mafundi.

Fundi Machomane amejibu:

Wa alaykumu salaam warahmatullah. Ndugu yangu, tuanze na jambo linalozaa maneno yote haya. CVT haina gia za meno zinazobadilishana kama giaboksi ya kawaida. Ndani yake mna puli mbili zinazobana na kuachia, na baina yao umepita mnyororo wa chuma, kwa sababu Subaru hawakutumia mkanda kama makampuni mengi mengine. Unapoingia kwenye M, yaani hali ya kuchagua gia mwenyewe, kompyuta huziamuru puli zisimame mahali maalumu, na mahali hapo ndipo panapohesabiwa kuwa gia ya kwanza, ya pili na kuendelea. XT yako ina namna tatu za injini kuitikia mafuta: I ya utulivu, S ya kasi zaidi na S# ya kasi kabisa. Ukiwa kwenye I au S utapata hatua 6, na ukiwa kwenye S# utapata 8. Unapovuta kijiti hakuna chuma kinachogongana na chuma. Wewe unaomba, na kompyuta ndiyo inayotekeleza.

Tena hukataa inapobidi. Ukitaka kushusha gia wakati mwendo ni mkubwa mno, italia na kubaki pale pale, kwa sababu imeshakokotoa kwamba injini ingezunguka kupita kiasi. Ukisimama kabisa, itarudi yenyewe kwenye gia ya 1.

Kazi yake kubwa kwako wewe ni kuizuia gari mteremkoni. Ukiachia mafuta ukiwa kwenye D, CVT hupenda kushusha mizunguko ya injini, na injini inayozunguka taratibu haina nguvu ya kuzuia kitu. Ukishikilia gia ya 3, au ya 2 ikiwa umebeba magunia, mizunguko hupanda na magurudumu ndiyo yanayoiburuza injini, kwa hiyo mwendo huliwa kabla hujagusa breki. Wengi husikia sauti ile wakadhani petroli inateketea. Si kweli: mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta na injini inaburuzwa, kompyuta hufunga nozeli kabisa. Kwenye kile kioo kidogo kilicho juu ya dashibodi tafuta sehemu inayoonesha matumizi ya papo hapo, mwambie abiria wako aitazame mnaposhuka, na atakusomea mwenyewe.

Ile harufu usiipuuze hata kidogo. Pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko, na joto likifikia mafuta ya breki yaliyokwisha kuvuta unyevu, mafuta huchemka, hutoa mvuke, na pedali huzama bila ya gari kusimama. Mafuta hayo yana tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, nasi tunaishi kisiwani. Kama hujui yalibadilishwa lini, yabadilishe kabla ya msimu wa karafuu kuanza.

Namna ya kutumia: ingia kwenye M ukiwa bado juu, kabla gari haijashika kasi, na uchague gia ambayo ungehitaji kuupandia mlima huo huo. Hivyo ndivyo madereva wa malori wanavyofanya. Gia ikishindwa kuishikilia gari, kanyaga breki kwa nguvu kidogo, uachie, kisha ushushe gia moja zaidi. Usiweke mguu juu ya pedali njia nzima.

Abuu Swafwani amejibu:

Kwa heshima zote, Fundi, mimi nakubaliana na mkwe wake. Nimeshuhudia CVT zaidi ya moja zikifa mikononi mwa vijana wanaopenda kuchezea vijiti.

Fundi Machomane amejibu:

Sheikh wangu, sikatai kwamba zimekufa, lakini kinachoua CVT ni joto na oili iliyochoka au isiyokuwa yake. Kijana anayekanyaga mafuta hadi mwisho katika kila mlima huipandisha joto hata akiwa kwenye D. Mtu akimimina oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ni rahisi kupatikana, mnyororo huteleza juu ya puli na kuzikwaruza. Ndugu yetu aangalie dashibodi: taa iliyoandikwa AT OIL TEMP ikiwaka safarini, maana yake oili ya giaboksi imepata moto kupita kiasi. Asimame mahali pa salama, aiache injini iungurume bila ya kuizima mpaka taa iondoke, ndipo aendelee.

Bi Mkubwa wa Limbani amejibu:

Mwanangu, mafundi wamekueleza vyema, nami naongeza mambo ambayo dereva huyaona barabarani. Gari inapopungua mwendo kwa injini, taa za breki haziwaki. Aliye nyuma yako hana habari kwamba unapunguza, na kama ni gari ya abiria iliyojaa watu inayokukimbilia, hatari ni yako na yao. Nikishusha gia hugusa pedali kidogo ili taa ziwake, na naomba nawe ujizoeze hivyo.

La pili ni masika. Barabara ikiwa imerowa, au magari ya mashamba yameleta tope juu ya lami, shusha gia moja, usubiri gari itulie, kisha ndiyo ushushe ya pili. Kijiti ukikivuta mara mbili kwa haraka katikati ya kona, matairi yanaweza kuteleza, hata kama gari inavuta kwa magurudumu manne. Matairi yanayokuja na magari ya Japani yatazame ubavuni: kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mengi huwa na kina kizuri, lakini mpira umeshakuwa mgumu kwa umri.

Mwana wa Wete ameandika:

Nakushukuruni nyote, na mkwe wangu nitamsomea majibu haya. Nimebakisha maswali mawili. Nikitaka kuipita gari niingie S# na M pamoja? Na kile kitufe cha X-MODE, nikitumie kwenye njia za udongo za shamba badala ya M?

Fundi Machomane amejibu:

Katika kupita gari, injini yako ina nguvu za farasi 280, na mvuto wake wa Nyutoni mita 350 huanza kupatikana kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Haina haja ya kupigishwa kelele. Ukiwa kwenye D vuta kijiti cha kushoto mara moja kabla hujatoka upande wako, ili injini iwe tayari, halafu kanyaga mafuta. Ukishamaliza na mwendo ukitulia, itarudi yenyewe kwenye otomatiki. S# si ya barabara za kona zenye migomba pembeni, ambako humuoni anayekuja.

X-MODE ndiyo khasa ya njia za udongo. Ibonyeze ukiwa taratibu, na kwenye mteremko wenye utelezi, mwendo ukiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, gari itajizuia yenyewe kwa kugusa breki za kila gurudumu, jambo ambalo M haiwezi kulifanya. Ukivuka kilomita 40 kwa saa hujizima, kwa hiyo ukirudi shambani itabidi uibonyeze tena.